Upindo wa Vidole Vinne

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Hainashida, na jina hilo alijibatiza mwenyewe bila kujua, kwa kulitamka mara thelathini kwa siku. Mteja akija kulalamika kwamba suruali imembana, "Haina shida." Umeme ukikatika na pasi ndiyo kwanza inapata moto, "Haina shida." Mvua ikipenya dirishani na kulowesha vitambaa vya watu, anavikamua, anavianika kwenye kamba, haina shida. Alikuwa fundi cherehani wa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia cherehani cha kukanyaga, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka pembeni. Nyuma ya pazia vitanda viwili, jiko, na maisha yake yote.

Usidhani ulikuwa upole tu. Kuna watu wa kufa na tai shingoni, na huyu tai yenyewe angejishonea. Siku mkewe alipokusanya nguo zake na kusimama mlangoni na begi, alimwambia, "Nimechoka kuishi na mtu asiyesema lililo moyoni. Naondoka." Fundi alikuwa ameinama, anatunga uzi kwenye sindano. Akamaliza kutunga. Akasema, "Haina shida." Mpaka leo anayesikia kisa hicho hajui acheke au amzabe kofi. Mwanamke alisubiri kidogo pale mlangoni, labda neno la pili litakuja. Halikuja. Akaondoka, akasema mtoto atamfuata atakapopata pa kukaa.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka sita, mwembamba kiasi kwamba baba yake alimwita Uzi, na mtaa mzima ukafuata. Mama hakurudi kumchukua. Alipata kazi katika mji wa mbali, akaolewa tena, akawa anapiga simu mara moja moja. Fundi akamlea Uzi peke yake. Alijifunza kusuka nywele kwa kuwatazama wasusi wa saluni ya mkabala, na mwanzoni alisuka kama anayeziba tundu la gunia. Baadaye akaweza.

Uzi alikuwa na hofu moja tu, lakini ilitosha kwa kumi. Hakuweza kulala penye kimya. Tangu mama yake aondoke, kimya kwake kilikuwa na maana kwamba mtu ametoka. Kwa hiyo kila jioni alijilaza nyuma ya pazia na kusema, "Baba, kanyaga nisikie," na baba alikanyaga cherehani mpaka pumzi za mtoto zibadilike. Siku ambazo kazi za watu zilikuwa zimekwisha, alikikanyaga kitupu, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa chini yake. Fundi mwenye akili zake hafanyi hivyo, kwani uzi unajisokota na sindano inaweza kuvunjika. Yeye alifanya kwa miaka sita.

Sasa kuhusu upindo. Mafundi wengine wakishona sketi ya shule hukunja upindo wa kidole kimoja, wakizidi ukarimu viwili. Hainashida alikunja vinne. Mtoto akirefuka, mzazi alirudisha sketi, fundi akaufumua upindo, akaushusha, akaushona upya kwa mkono, mshono mdogo wa kujificha ambao kwa nje huuoni hata ukivaa miwani, na sketi ikatembea mwaka mwingine. Kinyozi wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa rafiki yake na pia adhabu yake, hakuacha kumtania.

"Fundi, unajichimbia kaburi kwa mkasi wako mwenyewe. Watu watashona sketi mpya lini?"

"Haina shida. Watoto wanakua."

"Na wewe unakonda."

Mwaka ambao Uzi alikuwa anaingia miaka kumi na tatu, mwalimu wake alimchagua kwenda kambi ya likizo ya watoto, wiki tatu, katika shule ya bweni iliyoko milimani ambako watoto hulala kwenye mahema, hupanda vilima, hupika na kuimba. Uzi alirudi na karatasi ya mahitaji, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akasimama. Tochi, sahani, kikombe, taulo, sketi mbili, sindano na uzi. Fundi aliisoma yote mpaka chini, akaona maneno wiki tatu, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye kanyagio.

"Unataka kwenda?"

"Nataka. Lakini naogopa usiku."

"Haina shida," akasema baba. Akamshonea sketi mbili za kijani, kila moja na upindo wa vidole vinne, na ndani ya kila kiuno akatia alama ya uzi mwekundu ili zisipotee.

Siku tatu za kwanza mlezi wa kambi, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alipiga simu kusema mtoto analia akilala. Fundi alisimama katikati ya chumba na simu sikioni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, hajui afunge duka aende au akae. Siku ya nne mlezi hakupiga. Ya tano hakupiga. Wiki ilipokwisha, ikaja barua, imeandikwa pande zote mbili.

"Baba," Uzi aliandika, "nimeomba kuhamia hema la wadogo kwa sababu kule kuna mtoto analia kuliko mimi. Tunamwita Kidole kwa sababu ananyonya kidole gumba. Ana miaka saba. Usiku analia anataka kwao, na mimi nikawa siwezi kulia tena maana nani angembembeleza? Nikafikiria wewe. Nikampigia cherehani kwa mdomo. Trrrr, trrrr, tak. Trrrr, trrrr, tak. Alilala. Sasa watoto wote sita wa hema hili hawalali mpaka niwapigie cherehani, na mimi mwenyewe nasinzia kabla yao. Kidole alichana kaptura kwenye miiba, nimemshonea ule mshono wako wa kujificha. Mlezi aliutafuta hakuuona. Usisahau kula."

Fundi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma amekaa, kisha akatoka nayo kwa kinyozi, aliyekuwa na mteja mwenye povu nusu ya kidevu. Akamsomea kinyozi. Akamsomea mwenye povu. Akarudi dukani, na kila aliyeingia kuchukua nguo yake alisomewa barua kwanza, apende asipende. Mama mmoja alitaka vifungo tu, akasimama robo saa. "Trrrr, trrrr, tak," fundi alisema, akicheka mpaka macho yakamlengalenga. "Mtoto aliyekuwa anaogopa kimya! Anawalaza wenzake!" Alijivuna waziwazi, na kwa mtu wa aina yake hilo lilikuwa jambo la kushangaza.

Lakini likizo za watoto ndiyo mavuno ya mshona sare. Shule zikifungwa wao hawalali, kwa sababu siku ya kufungua kila mtoto anataka kuingia na sare mpya. Mwaka huo shule moja ya jirani ilimletea sketi arobaini, na mwalimu mkuu alipita kila asubuhi kuuliza zimefika ngapi. Jumapili ya katikati ilikuwa siku ya wazazi kutembelea kambi. Fundi alikuwa ameahidi kwenda. Alikuwa ameshapiga pasi shati. Ijumaa alizihesabu sketi zilizokwisha, kumi na tisa, akatazama kitambaa kilichobaki, akajua hataweza. Akampigia mlezi, akaomba mtoto aitwe.

"Mwanangu, Jumapili sitafika. Sketi za watu hizi."

Kwenye simu watoto walisikika kwa mbali wakiimba.

"Haina shida, baba," akasema Uzi.

Hakulia. Hakuuliza kwa nini. Fundi alikata simu akaenda kumwambia kinyozi, kifua mbele, "Umeona? Hajalia hata kidogo. Amekua." Kinyozi alikuwa anasafisha mashine yake kwa brashi. Aliiweka brashi chini, akasema taratibu, "Fundi, hilo si neno la mtoto. Hilo ni lako." Fundi akalichukulia kuwa sifa. Na huyo alikuwa mtu mwenye uwezo wa kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara.

Siku ya kufunga kambi alikwenda. Sketi zote arobaini zilikuwa zimechukuliwa, na mgongo ulimuuma kama uliotwangwa, lakini alivaa lile shati na kuvuka geti saa nne asubuhi. Hakumwita mtoto. Alisimama kando ya ukuta ili amwone kabla ya kuonwa. Uzi alikuwa amepiga goti mbele ya vitoto sita vilivyojipanga, anavifunga kamba za viatu kimoja kimoja, na kila akimaliza anagonga kiatu kwa vidole viwili, jinsi fundi alivyokuwa akigonga pindo lililokwisha. Kitoto kimoja kikamkumbatia shingo, kinanyonya kidole. Uzi akainuka nacho mgongoni huku akitoa amri kwa vingine, na vingine vikatii. Miguu yake ilikuwa imerefuka. Sketi ya kijani ilikuwa inagusa magoti, na fundi aliishona ishuke chini yake kidogo.

Mlezi mwenye sauti ya kukwaruza alikuja kumpa mkono. "Wewe ndiye baba wa Dada? Hapa hatumwiti Uzi tena. Mzee, umelea. Nimekaa na watoto miaka mingi, huyu mmoja umelea." Fundi aliupokea mkono huo kwa mikono yake yote miwili. Pengine hakuna siku nyingine katika maisha yake aliyofurahi kiasi kile, na furaha hiyo ilidumu kama saa moja na nusu.

Nje ya geti kulikuwa na benchi la mbao ambapo watu walisubiri basi. Walikaa hapo, begi katikati yao. Uzi aliweka mikono magotini, akanyoosha mgongo.

"Baba, Jumapili ile mama alikuja."

Fundi aligeuka. Kumbe fomu ya kambi ilikuwa na namba za wazazi wote wawili, na mlezi aliwaalika wote.

"Alikuja na mapacha wake. Wana mwaka mmoja na nusu. Mumewe anafanya kazi ya kusafiri, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Mama amekonda, baba. Alilia mbele ya watu wote. Aliniomba msamaha, akaniambia ananihitaji." Aliivuta kamba ya begi. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Ameniomba nikakae naye. Kuna shule karibu na kwake. Nimefikiri siku kumi. Nataka kwenda kumsaidia. Wewe unajiweza, baba, wewe huna shida. Yeye hajiwezi."

Fundi alitazama barabara. Vumbi, mbuzi wawili, basi halijatokea.

"Lakini ukisema nisiende," akasema Uzi, na hapo sauti yake ikarudi kuwa ya miaka sita, "siendi. Ukisema tu."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Neno lilihitajika moja, na alikuwa nalo, lilikuwa limemjaa mdomoni: baki. Alitaka kumwambia kwamba wiki zile tatu kimya cha chumba kilimtesa mpaka akawa analala na redio inayokoroma. Alitaka kumwambia kwamba hajiwezi hata kidogo, kwamba tangu aende kambini alikuwa akipika chakula cha watu wawili na kumwaga cha mmoja. Lakini alimtazama mtoto aliyekaa wima namna ile, aliyesema ukweli bila kupepesa macho, aliyechagua upande wa anayelia, akaona kwamba huyu ndiye aliyemtaka akue. Atamfungaje kamba? Na kuna jambo jingine, dogo na la aibu: hakujua linasemwaje. Midomo yake ilijua njia moja tu.

"Haina shida, mwanangu."

Uzi alimtazama. Hakuondoa macho, alisubiri. Basi likatokea kwenye kona, likaja, likasimama, kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, na bado alikuwa anamtazama.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi sawa," akasema, akanyanyua begi.

Wiki moja ndiyo iliyobaki kabla Uzi hajaondoka. Kinyozi aliposikia alirusha taulo chini. "Mwambie abaki! Mficha maradhi kilio humuumbua, fundi!" Lakini fundi alikuwa anakata kitambaa. Alimshonea Uzi sketi tatu za shule mpya, na yote aliyoshindwa kuyasema kwa mdomo aliyasema kwa mkasi na sindano. Upindo alikunja vidole vinne, akaona havitoshi, akakunja sita. Sketi zikawa nzito chini kama zimetiwa kokoto. Uzi alizijaribu mbele ya kioo kilichopasuka, akacheka.

"Baba, hii nitaivaa mpaka niolewe."

"Ikifupika njoo niushushe," akasema, amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni. "Usimpe fundi mwingine. Ataharibu. Njoo nayo hapa."

"Nitakuja."

Hilo ndilo ombi pekee alilowahi kumwomba. Alilifunga ndani ya pindo, akaamini mtoto atalisikia.

Mwaka ukapita. Fundi aliuhesabu kwa vipimo: sasa atakuwa amezidi ile alama ya urefu wake aliyomchorea ukutani, sasa sketi iko gotini, sasa imepanda, lazima imepanda. Alinunua kibunda cha uzi wa rangi ileile, akakiweka peke yake kwenye droo. Wateja walimwona akikanyaga cherehani jioni jioni bila kitambaa, wakadhani anakijaribu. Kinyozi alikuwa akijua, akawa anaongeza sauti ya redio yake upande wa pili wa ukuta ili rafiki yake asisikie kimya.

Likizo ndefu Uzi alikuja, siku tano. Aliingia mchana, meza imejaa sketi za watu, na fundi alipoinua kichwa hakumtambua mara moja. Alikuwa amefika usawa wa masikio yake. Walishikana mikono kwanza, kama wageni, ndipo wakakumbatiana. Kisha macho ya fundi yakaenda chini yenyewe, kwenye sketi, kama macho ya fundi yanavyokwenda. Ilikuwa ya zile tatu. Ilikuwa na urefu kamili, inagusa chini ya goti.

Akainama, akaugeuza upindo kwa vidole. Mstari wa zamani ulionekana juu, umefifia. Vidole vitatu vilikuwa vimeshushwa. Aliutafuta mshono kwa nje asiuone. Kwa ndani akauona: mdogo, sawasawa, umefungwa mwishoni kwa fundo mara mbili, kama anavyofunga yeye.

"Nani kaushusha?"

"Mimi," akasema Uzi. "Zote tatu. Nilijua likizo ni msimu wako, baba. Sikutaka kukusumbua na sketi zangu."

Fundi aliushika ule mshono. Ulikuwa mzuri. Wallahi ulikuwa mzuri kuliko alivyoshona yeye umri ule, na moyo wake ulijaa fahari na kupasuka kwa wakati mmoja, pale pale sakafuni. Akataka kusema umeshona vizuri, na badala yake kikamtoka kilio ambacho hakukitegemea, kilio kibaya cha mtu asiyejua kulia.

"Baba! Nini?"

"Siku ile kwenye benchi," akasema, hajainua uso, bado kashika pindo. "Nilikudanganya. Nilitaka ubaki. Sijiwezi, mwanangu. Sikuwahi kujiweza."

Uzi alipiga magoti akawa usawa wake. Hakushangaa. Alimfuta baba yake uso kwa kiganja, polepole, kama aliyezoea kufuta nyuso za watoto.

"Nilikusubiri useme," akasema. "Hata basi lilipokuja nilikuwa bado nakusubiri."

"Sasa nimesema."

"Umesema, baba." Naye machozi yakamshuka, lakini sauti haikuyumba. "Ila mapacha wameshanizoea. Hawalali mpaka niwapigie cherehani."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alielewa. Hakuna mtu duniani ambaye angeelewa vizuri kuliko yeye. Wakakaa pale chini kati ya vipande vya vitambaa mpaka mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona, akarudi alikotoka.

Baadaye Uzi alisema safari imemchosha. Akapita nyuma ya pazia, akajilaza kwenye kitanda chake, ambacho sasa kilikuwa kifupi na kilimlazimu akunje miguu. Nje kulikuwa bado kweupe, na kinyozi alikuwa anazozana na mtu kuhusu ndevu.

"Baba," akaita kutoka nyuma ya pazia. "Kanyaga nisikie."

Fundi aliisogeza kando sketi ya mtu, akakaa, akaweka miguu kwenye kanyagio. Alikanyaga cherehani kitupu mpaka pumzi za mtoto zikabadilika, na hata zilipobadilika hakuacha.